MNINGA WA JINA TU (Sehemu ya 3)

Nimetoka zamu ya usiku, nafungua simu nakuta maoni ya sehemu ya pili yanaimba wimbo mmoja: "Nesi acha maneno mengi, weka mninga, umemaliza." Mwingine kaandika nirudi wodini, mbao niwaachie wanaume. Huyo tumuache kwanza. Nawajibu wa mninga.

Wengi wenu hapa Bariadi mnaojisifia milango ya kabati ya mninga hamjawahi kununua mninga. Mmenunua jina. Na mimi nimo.

Sifa za mninga ni za kweli kabisa. Ukikauka vizuri hausinyai sana, haujikunji ovyo, fundi anaufurahia. Lakini ni mti wa miombo, wa kule Tabora na Katavi. Huku kwetu misitu ilifyekwa zamani kwa sababu ya mbung'o na pamba, mpaka mradi wa HASHI ukaanza mwaka 1986 kuturudisha kwenye ngitili, enzi hizo Bariadi bado ni mkoa wa Shinyanga. Kwa hiyo mbao za kabati nyingi zinatufikia kwa lori, na jina zinapewa na anayeuza. Mbao yoyote yenye wekundu ikishushwa hapa inaitwa mninga.

Zangu nilinunua mwenyewe, jioni, kwa mtu aliyeshusha Fuso. Nilipoinua moja nikaona nzito, nikafurahi! Nesi mzima nikadhani uzito ndiyo ubora, kumbe nalipia maji. Fundi alizishika tu akasema, "Mayu, hizi bado mbichi, tuziache kwanza." Nikamkatalia, wakwe walikuwa wanakuja. Akatengeneza milango minane, mizuri kweli, wakati wa masika. Ilipofika Agosti, upepo mkavu na vumbi, paneli zikapasuka na milango miwili ikajikunja mpaka haifungi. Mninga halisi uliokauka usingenifanyia hivyo.

Nikamburuza yule kijana kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaambiwa arudishe nusu ya hela ya ufundi, akarudisha bila kubisha. Hela hiyo nimeshampelekea na msamaha nimeomba. Ila maneno niliyomtolea mbele za watu siwezi kuyachukua tena, na kuna wateja wawili najua walimkimbia kwa sababu yangu.

Ndiyo maana hasira zangu siyo za mafundi. Ni za sisi wateja tunaokwenda na picha kwenye simu, tunachagua rangi, tunabishania bei ya futi, halafu hatuulizi swali moja: hii mbao ilipasuliwa lini, na imelala wapi tangu siku hiyo?

Muuzaji wa kweli anakuonyesha mbao zimepangwa chini ya paa, zimetenganishwa na vijiti hewa ipite. Kama zimelundikwa juani zimegusana, ondoka. Ziwe na alama ya nyundo ya TFS, na hati ya kusafirishia iwepo, maana zikikamatwa uani kwako yule wa Fuso hutamwona. Kwaruza kwa kisu upande wa nyuma. Wekundu ukiisha kwenye ngozi tu, umepakwa. Na ukiona ukingo mweupe kwenye mninga halisi, mwambie fundi aukate, bungua wanaupenda huo.

Sasa ukavu. Kliniki tunapima watoto kila mwezi tunajaza kadi, si ndiyo? Fanya hivyo kwa mbao. Kata kipande kama futi moja ndani kutoka ncha, maana ncha hukauka mapema na itakudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni, andika kwa penseli juu yake, kiweke kivulini chenye hewa, pima kila wiki. Tofauti na mtoto, hiki tunataka kipungue, halafu kisimame. Kikiwa bado kinapungua, fundi asiguse randa. Changu kilianza gramu 412.

Nasema wazi: paini iliyokauka, iwe ya Sao Hill, Buhindi au Rubya hapo Ukerewe, ni bora kwa mlango wa kabati kuliko "mninga" mbichi wa bei mara mbili. Fundi aiache paneli huru ndani ya fremu, asiigandishe kwa gundi pande zote, ipate nafasi ya kutanuka masika na kusinyaa kiangazi.

Wa MDF mnaniuliza inboksi. Haijikunji kwa msimu, kweli. Ila chini ya sinki ikilowa inavimba kama mkate, na nyingi zimeshikwa na gundi yenye fomaldehaidi, ndugu wa ile fomalini tunayohifadhia vinyama vya maabara. Tangu 2004 imeorodheshwa kimataifa kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Sikutishi, ukitumia ziba kingo zote na fungua madirisha. Na vumbi la mbao yoyote nalo limo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo mnunulie fundi wako barakoa. Hilo ndilo jibu la aliyenirudisha wodini: nipo wodini, hao mafundi tunakutana huko.

Safari hii nimechukua paini. Zimepangwa koridoni kwangu, watoto wanaziruka. Kipande wiki iliyopita kilikuwa 374, jana 371. Kijana wangu kapiga simu aje aanze, nimemwambia bado.