Kuomba Mvua Katika Zama za Utabiri

Waungwana, yako maswali ambayo vijana wetu huyauliza kwa tabasamu, nasi watu wazima aghalabu huwakaripia badala ya kuwajibu. Mojawapo ni hili: ikiwa sababu ya mvua inajulikana, kuna haja gani tena ya kuiomba?

Natulipime swali hili Rombo. Nakusudia Rombo ya Kenya, katika kaunti ya Kajiado, chini ya mlima Kilimanjaro. Wala si ile ya Uchagani, ng'ambo ya mpaka. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa haba katika nchi kavu za Kenya, na Kajiado ilikuwa miongoni mwa walioumia. Ng'ombe walikufa kwa wingi. Wataalamu wa hewa wakaeleza kwamba maji ya bahari ya Pasifiki yamepoa, hali waiitayo La Niña, na kwamba joto la dunia limeuzidisha ukavu. Sababu ikajulikana, walakini maombi hayakukoma. Februari 2023 Rais William Ruto mwenyewe aliwaongoza Wakenya kuomba mvua mjini Nakuru.

Je, huu ni ujinga? Hasha! Kwa Wamasai wa Rombo, neno Enkai ni Mungu, na pia ni mbingu na mvua. Mwenye kuliita hilo haulizi wingu huumbikaje. Anamlilia mwenye wingu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Bronisław Malinowski, mtaalamu wa mila, aliwachunguza wavuvi wa visiwa vya Trobriand karne moja iliyopita. Aliona kwamba wakivua ndani ya wangwa hutegemea ustadi wao tu, bali wakitoka bahari kuu, kwenye hatari, ndipo huandamana na makago. Wengi wakachukua hapo kwamba dini ni mtoto wa hofu. Mimi niliyelelewa chuoni, na nikakulia pwani, naona hiyo ni nusu ya kweli. Hofu hubisha mlango, lakini si mwenye nyumba. Kama imani ni hofu tupu, tone la kwanza la mvua lingeifuta.

Siku hizi wako pia wenye elimu ya nafsi watuambiao kuwa sala hupunguza wasiwasi na kutuliza moyo. Yamkini ni kweli. Ila mwenye kusali ili apate usingizi tu, ameugeuza mswala kuwa godoro.

Tazameni sala yetu ya istiskaa. Wanavyuoni wametuusia, kabla ya kutoka uwanjani, tutubu, turudishe haki za watu na tutoe sadaka. Naye Mtume (S.A.W.) aliligeuza joho lake, ikafasiriwa kuwa ni bishara ya hali kugeuka. Basi hali ya kwanza kugeuka na iwe yetu. Baada ya "amin", ni nani atakayempa jirani ndama? Nani, mwenye shamba la kumwagilia, atakayemwachia mfugaji njia ya kufika majini?

Kijana, soma utabiri wa hewa, nao ni katika ilimu. Huo utakwambia mvua itanyesha lini. Hautakwambia uwe mtu gani wakati hainyeshi.