Tyuna yako haijui kila kitu!

Nimerudi chuo jana jioni, likizo ya Kilolo imekwisha, ukungu na matope mtindo mmoja. Leo siandiki habari za msosi wa bweni. Nina hasira, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi.

Nyumbani tuna kompyuta ya mezani. Nikaweka programu ya kutyuni gitaa, nikaona nimtengenezee babu ligombo lake. (Kwa wasio Wahehe: ni ubao uliochongwa kama hori, nyuzi juu, na kibuyu.) Nikakaza na kulegeza mpaka mshale ukasimama kwenye kijani kila uzi. Babu akapiga mara mbili tu, akaliweka chini. "Mjukuu wangu, hili sasa ni la nani?"

Halafu kuna washkaji hapa wanasema tyuna haidanganyi. Weee! Programu nyingi zinajua sauti 12 tu, zilizogawanywa sawasawa kuanzia ile La ya mitetemo 440 kwa sekunde. Kati ya sauti na sauti ni senti 100, basi. Sasa chukua ilimba ya Wagogo, jirani zetu wa Dodoma, ile ambayo marehemu Hukwe Zawose (alifariki 2003) aliizungusha dunia nzima. Inafuata sauti za asili, na ile ya saba inakaa senti 31 chini ya noti ya piano iliyo karibu nayo. Tyuna itawasha nyekundu. Nani kakosea hapo, Mgogo?

Hugh Tracey, aliyekuja Tanganyika kurekodi ngoma zetu mwaka 1950, alikuwa anatembea na uma za kupimia sauti, anaandika mitetemo ya chombo kama alivyokikuta. Yeye alipima. Sisi na kompyuta zetu tunasahihisha hata kabla ya kupima!

Kwa hiyo mkitafuta programu, rangi achaneni nazo. Itafuteni inayoandika mitetemo na senti kwa namba, na inayokubali uiwekee ngazi yako mwenyewe. Lingot ya kwenye Linux inakubali, tena ni bure. Kisha ijaribuni: tengeneza mlio wa 440 kwa Audacity kwenye mashine nyingine, uusikilizishe. Ikikosea zaidi ya senti moja, futa. Maiki ya bei mbaya msihangaike nayo, kinachoharibu ni redio ya jirani, na haraka yenu ya kusoma namba uzi ukiwa ndiyo kwanza umepigwa, wakati sauti bado iko juu. Subiri itulie kidogo.

Babu alilirudisha ligombo mwenyewe, kwa sikio, nusu saa nzima bila kusema neno. Alipomaliza nikaomba ruhusa, nikapima uzi mmoja mmoja. Ziko mbili tu zinazokaribia kijani. Daftari ninalo chumbani, anayebisha aje, na tyuna yake aje nayo.