Zege ndani ya ua wa chokaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nieleze jambo linalonikera hapa Mji Mkongwe.

Nyumba zetu za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na katikati pakaachwa ua wa kupitisha upepo na mwanga. Kuta za chokaa hunyonya unyevu kisha huutoa. Ukizikandika saruji, maji hufungika ndani na ukuta hulika taratibu.

Sisi tunakaa ghorofa ya chini, katika vyumba vinavyotazama uani penye mkomamanga na asumini aliyoipanda mama. Mwaka jana mwenye nyumba aliongeza jiko na choo cha kisasa, zege na vioo, akala nusu ya ua na kupiga saruji hadi ukuta wa zamani. Tangu masika plasta inamenyeka, chumba cha mama kinanuka ukungu na mchana tunawasha taa. Mama ana pumu, Mhariri.

Sipingi jiko la kisasa, nani asiyelitaka? Lakini mji ulio katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 unastahili fundi anayeijua chokaa.

Nawaomba wanaotoa vibali vya ujenzi wafike hadi uani, wasiishie kwenye milango ya nakshi. Na wasomaji mliowahi kuunga kipya na cha zamani bila kuharibu, tuandikieni: fundi mlimpata wapi?

Mpangaji,
Mji Mkongwe, Zanzibar