Fosen: hukumu iliyokuta mitambo imeshajengwa

Tarehe 11 Oktoba 2021, majaji 11 wa Mahakama ya Juu ya Norwei walikubaliana wote kwamba vibali vya kujenga mitambo ya upepo ya Storheia na Roan, katika rasi ya Fosen, havikuwa halali. Mitambo hiyo, 151 kwa jumla, ilikuwa imejengwa juu ya malisho ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Skandinavia. Mahakama ilisema vibali vimevunja haki yao ya kuuishi utamaduni wao, haki inayolindwa na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Lakini siku hukumu inatolewa mitambo ilikuwa imekwisha kusimikwa na umeme wake ulikuwa sokoni. Wachungaji walishinda kesi, malisho hayakurudi.

Norwei tumezoea kuisoma kwa upande wa mafuta: taifa dogo lililogundua utajiri chini ya bahari mwaka 1969, likauwekea akiba vizazi vijavyo. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo mgogoro wa Fosen unaieleza nchi hiyo kwa undani zaidi, kwa sababu ndani yake mna jiografia yake, historia yake na utamaduni wake, na swali ambalo serikali nyingi zinalikwepa: je, ni haki kuanza kujenga mradi wenye manufaa kwa wote kabla mwenye ardhi hajamaliza kusikilizwa mahakamani?

Norwei ni nchi ndefu na nyembamba. Kutoka kusini hadi kaskazini ni takribani kilomita 1,750, na ardhi inayolimwa ni kama asilimia 3 tu. Sehemu iliyobaki ni milima, misitu na fyodi, yaani hori ndefu za bahari zilizochongwa na barafu. Moja ya hizo, Sognefjord, inaingia bara zaidi ya kilomita 200 na kina chake kinapita mita 1,300. Maji yanayoporomoka kutoka milimani ndiyo yanayozalisha sehemu kubwa mno ya umeme wa nchi. Mtu wa mjini akiitazama milima hiyo huona mahali patupu. Mchungaji wa Kisami huona ratiba ya mwaka mzima: hapa kulungu aktiki huzaa, pale hupita, kule hujificha na baridi. Mnyama huyo, anayefugwa kwa makundi na kuhamahama kwa majira, ndiye nyama, ngozi, fedha na urithi wa familia. Wakati wa baridi hutafuta chakula chini ya theluji, na mabonde yakifungwa na barafu hupanda kwenye miinuko ambako upepo umeipunguza theluji. Miinuko hiyo yenye upepo ndiyo kampuni za umeme zinayoitaka. Mgongano wa Fosen ulikuwa umekwisha kuandikwa katika umbo la nchi yenyewe.

Historia nayo inauma zaidi, kwa kuwa Wanorwei wanajua maana ya kutawaliwa. Kwa zaidi ya miaka 400 walikuwa chini ya Denmark. Mwaka 1814 waliandika katiba yao huko Eidsvoll, na Mei 17 ikawa sikukuu yao kuu hadi leo, ila mwaka huohuo wakaingizwa katika muungano na Sweden. Uhuru kamili ulipatikana mwaka 1905, baada ya kura ya maoni ambamo waliotaka kubaki na Sweden walikuwa 184 tu nchi nzima. Katika karne hiyo ya kujitafuta, msomi mmoja aitwaye Ivar Aasen alizunguka vijijini akikusanya lahaja za wakulima, akajenga kutokana nazo lugha ya maandishi isiyotegemea Kidenmaki. Mwaka 1885 bunge likaipa hadhi sawa na lugha ya maandishi iliyozoeleka.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1898, serikali ileile ilitoa maelekezo ya kubana matumizi ya Kisami shuleni. Mwaka 1902 sheria ya ardhi ya serikali katika jimbo la Finnmark ilimtaka mnunuzi awe anajua Kinorwei na kukitumia. Watoto walipelekwa shule za bweni ambako lugha ya nyumbani ilikuwa aibu. Taifa lililoiokoa lugha ya wakulima wake lilizika ya wachungaji wake, na sioni njia ya kulieleza hilo kwa upole. Bunge lenyewe liliomba radhi rasmi mwezi Novemba 2024, baada ya tume ya ukweli na maridhiano kutoa ripoti yake mwaka uliotangulia.

Wasami hawakunyamaza. Elsa Laula Renberg, mwanamke wa Wasami wa kusini, alikuwa mstari wa mbele katika kuitisha mkutano wao wa kwanza mkubwa, uliofunguliwa Trondheim tarehe 6 Februari 1917, siku ambayo sasa ni sikukuu ya taifa lao. Mwaka 1979 vijana walipiga mahema mbele ya bunge mjini Oslo na kugoma kula, wakipinga bwawa la umeme katika mto wa Alta. Januari 1981 serikali ilituma polisi wapatao 600 kuwaondoa waandamanaji waliojifunga minyororo. Bwawa lilijengwa. Lakini kelele za Alta zilizaa mambo makubwa: kifungu cha katiba kuhusu Wasami mwaka 1988, bunge lao lililofunguliwa Karasjok mwaka 1989, na mwaka 1990 Norwei ikawa nchi ya kwanza duniani kuridhia Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu watu wa asili.

Kwa hiyo Fosen haikutokea gizani. Kila chombo kilichotakiwa kuwalinda wachungaji kilikuwapo tayari. Kibali kilitolewa mwaka 2010, rufaa ikakataliwa na wizara mwaka 2013, ujenzi ukaanza mwaka 2016. Kampuni zilipewa ruhusa ya kuingia kwenye ardhi na kuanza kazi huku kesi ya kuitwaa ikiwa bado haijaamuliwa. Desemba 2018 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi iliiomba Norwei isimamishe kazi ya Storheia wakati malalamiko yanachunguzwa. Serikali haikusimamisha.

Ruhusa hiyo ya kuanza mapema ndiyo kiini cha uovu wote. Mtambo ukishawekwa, hoja hubadilika. Hakuna anayeuliza tena kama ulistahili kujengwa. Watu huuliza kuubomoa kutagharimu kiasi gani. Mahakama ya rufani mwaka 2020 ilikubali kwamba malisho ya majira ya baridi yamepotea, kisha ikaagiza fidia ya zaidi ya krona milioni 80, nyingi zikiwa za kununulia chakula cha kulungu watakaofungiwa zizini. Mahakama ya Juu ilikataa njia hiyo. Ufugaji wa kuhama una ujuzi wake, na kuwageuza wachungaji kuwa walishaji wa zizini ni kuuondoa utamaduni na kuacha nyama.

Baada ya hukumu, siku 500 zilipita bila serikali kufanya lolote la maana. Februari 2023 vijana wa Kisami, akiwamo mwimbaji Ella Marie Hætta Isaksen, walikalia wizara ya mafuta na nishati mjini Oslo. Baadhi yao walivaa vazi lao la asili likiwa limegeuzwa ndani nje, kama ishara ya kupinga. Serikali ikaomba radhi kwa kuwa haki za binadamu zilikuwa zikiendelea kuvunjwa.

Upande wa pili una hoja nzito, na ni lazima upewe nafasi yake. Dunia inahitaji umeme usiotokana na makaa wala mafuta. Mabadiliko ya hali ya hewa yanawaumiza wafugaji hao hao: mvua inayonyesha katikati ya baridi hugeuka barafu na kufunga malisho. Tena wachungaji wenyewe walifikia makubaliano, kundi la kusini mwa Fosen Desemba 2023 na la kaskazini Machi 2024. Mitambo inabaki, wao wanalipwa kila mwaka, wanatafutiwa malisho mengine ya baridi, na kibali kikiisha wana haki ya kukataa kisiongezwe. Hakuna mtu wa nje mwenye haki ya kuwalaumu kwa kukubali. Ila mkataba uliofanywa chini ya mitambo inayozunguka hauwezi kuitwa ridhaa kwa maana ileile ya mkataba uliofanywa kabla ya kuchimba msingi.

Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wanalijua hilo bila kufika Fosen. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 katika kaunti ya Marsabit, ulikuwa na Norfund, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Norwei, miongoni mwa wadau wake. Siku chache tu baada ya hukumu ya Oslo, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo, takribani ekari 150,000, hazikupatikana kwa kufuata sheria. Huko pia mitambo ilikuwa ikizunguka tayari, na mvutano mahakamani haukuishia hapo.

Sasa macho yako Finnmark, kaskazini kabisa. Mwaka 2023 serikali iliidhinisha mtambo wa gesi wa Melkøya, Hammerfest, uendeshwe kwa umeme wa gridi, na umeme huo unahitaji vyanzo vipya na nyaya mpya juu ya ardhi ya malisho. Mradi wa upepo wa Davvi umependekezwa karibu na mlima Rásttigáisá, ambao kwa Wasami ni mtakatifu. Bunge la Norwei linaweza kufanya jambo moja lisilohitaji tume wala ripoti nyingine: kupiga marufuku ruhusa ya kuanza kazi kwenye malisho ya Wasami mpaka mahakama ya mwisho iwe imeamua. Wawekezaji watalalamika kwamba miaka mitano ya kusubiri ni mingi. Wachungaji wa Fosen walisubiri miaka 11 tangu kibali hadi hukumu, na katika muda huo wao tu ndio waliozuiwa.