Bima ya gari kuukuu isiwe stika tu

Mwaka jana, kila nilipoingia majilisi siku ya Jumatatu, hapakukosekana mwalimu mwenzangu wa kuniuliza: "Mwalimu, lile gari la mjomba bado limefunikwa turubai?" Nami nilijibu kuwa bado. Wakacheka. Walidhani naogopa kuliendesha, ama mshahara wangu hautoshi kulinunulia petroli. Ukweli ni kwamba kwa muda wa miezi minane gari hilo halikutoka bandani kwa sababu moja tu: sikuwa nimepata bima ambayo mfuko wangu ungeimudu na dhamiri yangu ingeikubali.

Leo nimeonelea niieleze kadhia hiyo hadharani. Naamini ina funzo kwa walimu wanaonunua magari kwa mikopo ya vyama vya akiba, na kwa wanafunzi ambao kesho na keshokutwa watashika usukani.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, gari la spoti la viti viwili, lenye boneti ndefu na injini ya silinda sita. Magari ya aina hiyo yaliundwa Japani kuanzia mwaka 1969 hadi 1973. Mjomba wangu, ambaye alikuwa fundi wa magari mjini Nakuru, alilinunua likiwa gofu, akalifufua kwa mikono yake mwenyewe. Watu wa rika lake hawahitaji kuelezwa kwa nini alilipenda. Mnamo mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda mbio za Safari akiendesha gari la aina hiyo, na mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, yule mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya na ambaye baadaye alitimiza ushindi wa mara tano. Mjomba alikuwa miongoni mwa vijana waliosimama kando ya barabara, wamejaa vumbi hadi kope, wakiyashangilia yakipita. Alipofariki mwaka 2019 aliniachia gari hilo, nami nikaahidi kulitunza. Wahenga walisema ya kale hayanuki.

Nilipokwisha kulitengeneza breki na kulibadilisha magurudumu, nilianza safari ya kutafuta bima. Katika afisi ya kwanza karani kijana aliuliza mwaka wa kuundwa kwa gari, akaandika, kisha akatikisa kichwa. Kampuni yao, alisema, haitoi bima kamili kwa gari lililopita miaka kumi na mitano. Katika afisi ya pili walikubali, lakini walipoona picha ya gari lenye milango miwili na injini kubwa, walitaja ada ya mwaka iliyokaribia mshahara wangu wa miezi mitatu. Machoni mwao nilikuwa kijana wa kukimbizana usiku katika barabara kuu, ilhali mimi ni mzee wa miaka hamsini na minne ambaye angeliendesha gari hilo Jumapili mbili kwa mwezi. Katika afisi ya tatu walilikubali gari na dereva pia, ila walipiga hesabu ya uchakavu wa kila mwaka, wakaamua kwamba thamani yake ni sawa na ya chuma chakavu.

Sikukasirika. Wenye kampuni wana sababu zao, na si haki kuzipuuza. Vipuri vya gari la aina hiyo havipatikani katika kila duka. Taa moja ya mbele yaweza kuagizwa kutoka ng'ambo na kusubiriwa kwa miezi. Mkadiriaji wa hasara aliyezoea magari ya kawaida hana kipimo cha kulikadiria. Aidha, wapo watu wanaonunua magari ya spoti ili wayakimbize, na kampuni ndizo zinazolipa.

Nilipokuwa nikishuka ngazi za afisi hiyo ya tatu, nilikutana na wakala mmoja aliyekuwa amesikia mazungumzo yetu. "Mwalimu, usijisumbue," aliniambia kwa sauti ya chini. Alikuwa na dawa ya maradhi yangu. Tungejaza fomu kwamba gari ni la kawaida la familia, kwamba liliundwa miaka ya karibuni, na kwamba thamani yake ni shilingi laki tatu. Nisingetaja kuwa mwanangu mwenye umri wa miaka ishirini na miwili angeliendesha pia. Ada ingekuwa robo ya ile niliyotajiwa katika afisi ya pili. "Askari wa trafiki hutazama stika tu," alinihakikishia.

Nakiri bila ya kuficha kwamba nilikwisha kuishika kalamu.

Kilichonizuia si ushujaa. Nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Pili, msichana hodari wa Hisabati, ambaye miaka kadhaa iliyopita aligongwa na gari akivuka barabara mbele ya lango la shule. Gari lililomgonga lilikuwa na stika ya bima kiooni, safi kabisa. Wazazi wake walipofuatilia fidia, waligundua kuwa stika hiyo ilikuwa ghushi na kwamba mwenye gari hakuwa na mali ya kumlipa mtu. Sisi walimu tulifanya harambee, wanafunzi wakatoa shilingi kumi kumi, tukalipa sehemu ya deni la hospitali. Mguu wake haukupona sawasawa, na masomo yake yalikatika. Nikiwa nimesimama katika ngazi zile na kalamu mkononi, nilijiuliza: je, lau mwenye gari lile alishawishiwa kwa maneno haya haya ninayoambiwa mimi?

Nilimrudishia wakala kalamu yake.

Wasomaji wengi hudhani kwamba bima ya gari ni ya gari. Sivyo. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, haimlazimishi mtu yeyote kulikatia bima gari lake mwenyewe. Yamlazimisha kuwa na bima kwa ajili ya mtu mwingine ambaye gari hilo laweza kumuua au kumjeruhi. Ndiyo inayoitwa bima ya mtu wa tatu. Uingereza ilianza kuilazimisha kwa sheria ya mwaka 1930. Gari langu likiungua, nimepoteza kumbukumbu ya mjomba. Likimgonga mtoto wa mwenzangu, jambo hilo si langu peke yangu tena.

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bima ni namna ya kuufanya mzigo wa mmoja uwe wa wengi, kila mtu akichukua kipande kidogo. Lakini chombo hicho hufanya kazi kwa sharti moja tu: kila anayeingia aseme ukweli juu ya mzigo anaouleta. Anayedanganya katika fomu huwapunja wenziwe waliolipa kwa haki, na hatimaye hujipunja mwenyewe.

Nawaomba wanafunzi wapige hesabu pamoja nami. Tuseme gari lina thamani ya shilingi milioni 1, nawe umeliandikisha kuwa ni la shilingi 500,000 ili ulipe ada ndogo. Umekata bima ya nusu ya gari. Likipata ajali na matengenezo yagharimu shilingi 200,000, mkataba wenye kipengele cha uwiano utakulipa nusu yake tu, yaani shilingi 100,000. Kisha hutolewa kile kiasi ambacho mkataba humtaka mwenye gari abebe mwenyewe katika kila dai. Kikiwa ni shilingi 30,000, utapokea 70,000 na kutafuta 130,000 kwingineko. Na hapo tumedhania kwamba kampuni imekubali kulipa. Iwapo itagundua kwamba ulificha dereva kijana au ulibadilisha aina ya gari, yaweza kukataa dai lako, na hata kwenda mahakamani kuomba ijitoe katika mkataba. Njia ya mwongo ni fupi.

Hata mkweli hana budi kuwa macho. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2006 yaliweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja chini ya bima hiyo ya lazima. Mahakama ikiamuru zaidi, ziada yaweza kumwangukia mwenye gari. Vilevile, kampuni za bima nazo huanguka. Kenya National Assurance ilianguka mwaka 1996. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Kampuni ikilemewa, aliyeshtakiwa hubaki uso kwa uso na hukumu, naye aliyejeruhiwa hubaki akisubiri. Kwa hivyo ada ndogo kupita kiasi isitufurahishe kabla ya kujua ni nani anayeitoza. Mamlaka ya Kusimamia Bima huchapisha orodha ya kampuni zilizopewa leseni, na kuisoma hakugharimu chochote.

Je, basi nilifanyaje? Kwanza, nilimtafuta mthamini anayeyajua magari ya kale, akalikagua gari hadi uvunguni, akaandika ripoti yenye picha. Pili, nilikwenda kwa dalali wa bima mwenye leseni, ambaye kazi yake ni kumtafutia mteja kampuni inayomfaa, badala ya kuuza bima ya kampuni moja. Tatu, nilieleza kila kitu: umri wa gari, ukubwa wa injini, banda lenye kufuli linamolala, na idadi ya kilomita ninazotarajia kwenda kwa mwaka. Nne, niliandika kwamba ni mimi peke yangu nitakayeliendesha, na nikamweleza mwanangu sababu. Alinuna kwa wiki moja, kisha akaelewa.

Tano, na hili ndilo lililonipunguzia gharama hasa, niliachana na bima kamili. Nilichukua bima ya mtu wa tatu pamoja na kinga ya moto na wizi. Ada yake haikufikia theluthi ya ile ya afisi ya pili. Huo haukuwa muujiza. Nililipa kidogo kwa kuwa nilikubali kubeba mwenyewe hasara ya kugonga mti au kutumbukia mtaroni, na kila mwezi naweka akiba kidogo kwa ajili ya siku hiyo. Hasara ya bati langu naweza kuivumilia. Hasara ya mguu wa mtoto wa mtu sina ruhusa ya kuichezea kamari. Anayetaka kubana matumizi na abane katika ile ya kwanza, asithubutu kubana katika ya pili.

Baada ya kuwaasa wenye magari, sina budi kuzigeukia kampuni. Maadamu zinataka tuseme ukweli, nazo ziwe tayari kuusikiliza. Umri wa gari pekee hausemi lolote kuhusu breki zake, wala umbo lake halisemi lolote kuhusu tabia ya dereva. Gari la kawaida hupungua bei kila mwaka, lakini baadhi ya magari ya kale hupanda. Mwezi wa Januari mwaka 2020, Datsun 240Z moja iliyotunzwa vyema iliuzwa kwa mnada nchini Marekani kwa dola 310,000. Langu lina kutu na halikaribii hata chembe ya bei hiyo, lakini mfano huo unatosha kuonyesha kwamba hesabu ya uchakavu haifai kila mahali.

Huko Uingereza ni jambo la kawaida kwa mwenye gari la kale na kampuni kukubaliana thamani ya gari tangu mwanzo na kuiandika katika mkataba, huku mwenye gari akiahidi kutopita kilomita fulani kwa mwaka na kulilaza bandani. Ada hupungua kwa sababu gari huonekana barabarani mara chache. Sioni kwa nini utaratibu huo usienee kwetu. Nchi hii imekuwa na maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance jijini Nairobi tangu mwaka 1970, na mbio za Safari za magari ya kale tangu mwaka 2003. Wapenzi wa magari haya wapo, na wengi wao si matajiri. Ni mafundi, makarani na walimu waliorithi au waliofufua magofu. Mlango wa haki ukifungwa, wengi wao watapita katika zile ngazi nilizopita mimi, na si wote watakaoirudisha kalamu.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Siku mtakapojaza fomu ya bima, kila nafasi tupu mtakayoijaza ni ahadi kwa mtu msiyemjua, anayevuka barabara mahali fulani, pengine na begi la vitabu mgongoni. Mjazieni ukweli.

Nao walimu wenzangu wa majilisi wajue kwamba turubai limeondolewa. Jumapili hii nitapita mbele ya lango la shule, polepole.