Subaru Imelala Gereji? Anza na Logibuku
Subaru ya maonyesho ikilala gereji hapa Kakamega miaka kadhaa, mwenyewe akitaka kuiuza hupiga hesabu ya turbo, rimu na spika. Wasee wanaokuja kuitazama huuliza mengine: injini mpya imeandikwa kwa logibuku? Rangi je? Uhamisho wa umiliki hufanyika mtandaoni kwa NTSA, na hakuna anayetaka kununua kesi.

Lakini muuzaji ana karata yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8, kwa hivyo Impreza za miaka ya 1990 haziji tena kutoka Japani. Zilizobaki ndizo hizo. Basi nyoosha karatasi kwanza, badilisha petroli iliyozeeka, toa vipuri vya awali ulivyoweka, ndipo utaje bei.