FILAMU ISITUTUNGIE HISTORIA

Wahenga walinena kuwa penye ukweli uongo hujitenga. Mimi naona siku hizi haujitengi tena. Unatiwa muziki mtamu, tunaulilia machozi.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Historia aliuliza ni nani anayemjua Kimani Maruge. Mkono wangu ndio uliokuwa wa kwanza juu. Nikasimulia kwa madaha jinsi askari wa Mwingereza walivyomuulia mke na watoto. Mwalimu akaniuliza, "Na wale wajukuu wake 30 walitoka wapi?" Darasa likaangua kicheko, nami nikaketi kama kuku aliyenyeshewa. Mambo hayo nilikuwa nimeyaona katika filamu.

Filamu yenyewe ni The First Grader, iliyotoka mwaka wa 2010. Sisemi yote ni mabaya. Oliver Litondo, aliyeigiza kama Maruge, alinitoa machozi. Ni kweli mzee alipigana katika Mau Mau. Ni kweli aliingia darasa la kwanza mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa ya bure mwaka wa 2003. Lakini shule yake iko Eldoret. Filamu ikaipeleka mbali milimani. Mzee alitaka kujisomea Biblia. Filamu ikashikilia barua kutoka ofisi ya Rais. Tena wawili kati ya wajukuu wake walisoma katika shule iyo hiyo. Babu na wajukuu shule moja! Kwani hicho si kisa kitamu cha kutosha? Wajukuu hao sikuwaona katika filamu.

Wengine watasema, "Ah, filamu ni ya kuburudisha tu." Nakubali kwamba maisha ya mtu hayatoshi katika saa mbili, kwa hivyo kufupisha ni lazima. Lakini kufupisha ni kitu kimoja na kuongeza damu ni kingine.

Nyanya yangu alikuwa mtoto mwaka wa 1954, wakati watu zaidi ya milioni moja walipohamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki. Mama yake alikuwa miongoni mwa waliochimba handaki hilo. Nilipomweleza kisa cha filamu aliniuliza, "Kwani yaliyotupata hayakutosha, mpaka watutungie mengine?" Sikuwa na jibu.

Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa enzi hizo. Kesi iliyofikishwa London haikusimama kwa machozi bali kwa ushahidi: kambi gani, mwaka gani, nani alitendwa nini. Sisi tukizoea kutia chumvi, kesho atatokea mtu aseme hata ya kweli ni hadithi tu, na tutamjibu nini?

Maoni yangu ni haya. Kila filamu ya historia itwambie mwishoni lipi lilitokea na lipi limetungwa. Nasi wanafunzi, tukitoka kutazama, tuwaulize wazee. Maruge alifariki mwaka wa 2009, kabla filamu yake haijatoka, kwa hivyo hakupata nafasi ya kusema, "Hapana, haikuwa hivyo." Nyanya yangu bado yupo, na wako pengine yupo. Mwulize leo.

Kidato cha Tatu